Uzee, Kazi na Kustaafu: Maneno na Maisha ya Wazee wa Kilosa na Mikumi



1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania mtu anaweza kustaafu ualimu, udereva wa treni, ukarani, hata urais. Ni vigumu kustaafu kulima. Sentensi isemayo "babu amestaafu kulima" haina kosa lolote la kisarufi, lakini atakayeitamka kijijini atachekwa, au atadhaniwa anatania. Badala yake husemwa kwamba babu nguvu zimemwishia, kwamba mwili umechoka, au kwamba siku hizi hajiwezi. Tofauti baina ya "amestaafu" na "hajiwezi" inaonekana ndogo, lakini inabeba jambo zito: nani katika jamii ana haki ya kupumzika, na nani hupumzika pale tu mwili unapomshinda.

Mhadhara huu unaichunguza tofauti hiyo. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina misamiati miwili ya uzee. Wa kwanza ni wa ofisi, nao huhesabu miaka ya umri na miezi ya utumishi. Wa pili ni wa shamba na ukoo, nao hupima heshima na nguvu. Sheria za mafao ya uzeeni zimetungwa kwa msamiati wa kwanza, ilhali wazee wengi wa nchi hii huishi ndani ya ule wa pili. Pengo lililopo kati ya misamiati hiyo ni suala la lugha, na vilevile ni suala la riziki.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imechaguliwa kwa sababu imeikusanya historia ya kazi ya Tanzania mahali pamoja. Mji wa Kilosa umekua kandokando ya Reli ya Kati. Kimamba na Rudewa ni majina yanayokumbusha mkonge. Kusini, kuelekea Mto Ruaha Mkuu, yapo mashamba ya miwa. Mikumi ni mji wa barabara kuu na wa hifadhi ya wanyama. Katikati ya hayo yote vipo vijiji vya wakulima wa mahindi, mpunga na mtama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya hii watu 438,175. Ni mahali ambapo mstaafu mwenye pensheni na jirani yake asiyejua neno hilo linamhusu vipi huteka maji katika kisima kimoja.

2.0 Maneno ya uzee

Shina -zee ni la Kibantu, na kazi yake katika Kiswahili hupita umri. Neno "mzee" ni cheo kabla ya kuwa idadi ya miaka. Mkurugenzi mwenye miaka 40 huitwa mzee na dereva wake aliyemzidi umri. Mtu husema "wazee wangu" akiwa na maana ya wazazi wake. Majina ya heshima ya viongozi, kama vile Mzee Kawawa au Mzee Mwinyi, yalitangulizwa neno hilo bila mtu kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Maamkizi ya "shikamoo" na jibu la "marahaba" hufanya kazi hiyohiyo: kila siku huweka watu katika ngazi zao, na aliye juu hupewa chake kabla ya mazungumzo kuanza.

Karibu na neno hilo lipo jingine, "mtu mzima". Kwa maana yake ya msingi ni mtu asiyepungukiwa na kitu, tena ndilo neno la adabu la kumtajia mtu aliyesogea umri. Methali isemayo "utu uzima dawa" imejengwa juu ya wazo hilo, pamoja na ile isemayo "penye wazee haliharibiki neno". Kwa mtazamo huu kuzeeka ni kukamilika.

Hata hivyo, ngeli zinaeleza upande wa pili. Mzee yumo katika ngeli ya M-WA. Akitoka humo na kuingia katika umbo la KI-VI, huwa "kizee", na neno hilo kwa kawaida hutumika kwa mwanamke. Jozi iliyo wazi zaidi ni "mkongwe" na "kikongwe". Mkongwe ni mtu aliyedumu katika kazi yake na kuheshimiwa kwa hilo: mwanamuziki mkongwe, mwanasiasa mkongwe. Katika miaka ya 1990 wanamuziki wa zamani wa dansi walipojikusanya Dar es Salaam katika bendi ya Shikamoo Jazz, waandishi waliwaita wakongwe, na hapakuwa na dharau ndani yake. Kikongwe ni mtu wa umri huohuo aliyetolewa katika kazi na kubakiwa na mwili tu. Upatanisho wa sentensi bado humhesabu kuwa mtu, kwani husemwa "kikongwe amekuja", lakini kiambishi cha mwanzo kimekwisha kumpunguza. Kilichowatenga wawili hao ni kazi.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yanathibitisha jambo hilo. "Shaibu" ni mwanamume mwenye mvi. Neno linataja rangi ya nywele na kuishia hapo. "Ajuza" ni mwanamke mzee, na mzizi wake katika Kiarabu ndio uliozaa neno la kutoweza, ambalo Kiswahili kinalo katika umbo la "ajizi". Kwa hiyo, mwanamume mzee alipewa jina la mvi zake, na mwanamke mzee akapewa jina la kushindwa. Wazungumzaji wa leo hawaioni asili hiyo wanapoyatamka maneno hayo, wala hawapaswi kulaumiwa kwayo. Lakini si jambo dogo kwamba maneno ya kushusha yameelekezwa zaidi kwa wanawake, katika nchi ambayo baadhi ya sehemu zake, hasa kanda ya Ziwa, zimeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi.

Kipimo cha tatu, cha hesabu ya miaka, ni kigeni zaidi kuliko vile viwili vya heshima na nguvu. Fasihi ya Kiswahili inacho kielelezo chake mashuhuri. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, aliigawa habari ya maisha yake katika sehemu mbili, na ya pili akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Kichwa hicho ni cha mtu aliyezoea majalada ya ofisi, ambamo umri wa mtumishi huandikwa ukurasa wa kwanza. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Kizingiti alichokiweka kilimwachia muda mfupi sana upande wa pili.

3.0 Maneno ya kuacha kazi

Kitenzi "kustaafu" kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Ni neno la mtu aliye chini ya mwingine: haombi kuachiliwa asiye na bwana. Mzizi wake ndio uliotupa pia neno "afya". Ukoo huo wa maneno unafaa kukumbukwa, maana kustaafu kwa asili yake si kuishiwa nguvu, ni kusamehewa kazi ukiwa bado na uzima wako.

Maneno mengine ya fungu hili huonyesha hisia zinazoandamana na tendo lenyewe. "Kiinua mgongo" ni neno la picha: mtu aliyekuwa ameinama kazini anapewa kitu cha kumwinua. Picha hiyo imetolewa shambani, ingawa fedha yenyewe hulipwa ofisini. "Mafao" yametokana na kufaa. Ni yale yatakayomfaa mtu baadaye. "Pensheni" imeingia kutoka Kiingereza bila kubadilishwa sana, na haina picha yoyote kwa Mswahili.

Neno lililoingia karibuni zaidi, na kwa kishindo, ni "kung'atuka". Mwalimu Julius Nyerere alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao, na kulitumia kuelezea kuondoka kwake madarakani. Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1990. Kung'atuka si kustaafu. Anayestaafu huachiliwa na mwajiri; anayeng'atuka huliachia kundi la rika linalofuata nafasi aliyokuwa ameikalia. Wala Mwalimu hakuacha kazi. Alilima Butiama, aliongoza Tume ya Kusini, na hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Mfano wake uliwafundisha Watanzania kwamba kiti na kazi ni vitu viwili.

Lipo, mwisho, neno "kupumzika". Mtu hupumzika mchana akitoka shambani, kisha hurudi. Pumziko lisilo na kurudi Kiswahili hulitaja kwa staha kwa maiti: amepumzika, amepumzishwa katika nyumba yake ya milele. Kwa msamiati wa shamba, basi, hakuna kituo baina ya kazi na kaburi ambacho kina jina la heshima. Kuna "hajiwezi" tu, na hilo ni neno la kukanusha.

4.0 Reli, mkonge, miwa na hifadhi

4.1 Reli

Wazo la kwamba mtu akifika umri fulani alipwe bila kufanya kazi lina tarehe yake. Ujerumani ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, kwa waliofikisha miaka 70. Ni katika kipindi hichohicho Wajerumani walipokuwa wakipigana kuitwaa pwani ya Tanganyika. Reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ikipita Kilosa. Katika miaka ya 1960 tawi lake lilikuwa limekwisha kuiunganisha Kilosa na Mikumi na Kidatu.

Reli ilileta zaidi ya mabehewa. Ilileta saa, filimbi, cheo kilichoandikwa, jalada la mtumishi na, kwa baadhi, ahadi ya malipo ya uzeeni. Mfanyakazi wa reli alikuwa mtu wa kwanza katika miji kama Kilosa aliyeweza kujua mapema siku ambayo angeacha kazi.

Ahadi hiyo ilitikisika mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli lililohudumia nchi tatu lilivunjika pamoja nayo, na watumishi wake wakajikuta wamelitumikia shirika lisilokuwapo tena. Mkataba wa mwaka 1984 uligawa mali na madeni baina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Madai ya wafanyakazi wa Tanzania yaliendelea kwa miaka mingi mahakamani na barabarani, na makubaliano ya malipo yaliyofanywa mwaka 2005 hayakuyamaliza manung'uniko. Taifa lilizoea kuwaona Dar es Salaam wazee wenye mikongojo na majalada ya karatasi zilizochakaa, wakidai haki ya kazi waliyoifanya wakiwa vijana. Hawa hawakulalamika kwamba wamezeeka. Walilalamika kwamba walistaafu kwa karatasi bila kiinua mgongo chao kukamilika. Msamiati wa ofisi ulikuwa umewapa neno, ukawanyima kitu kilichotajwa na neno hilo.

4.2 Mkonge

Kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na jirani zake ahadi hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Vibarua waliandikwa kwa mkataba mbali na kwao na kuitwa "manamba", kwa kuwa kila mmoja alitambulika kwa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa "kipande", kadi ya siku 30 za kazi. Siku iliyofanywa iliandikwa; isiyofanywa haikuwapo. Mfumo huu ulikuwa na neno la kazi na neno la deni. Neno la uzee haukuwa nalo. Mtu aliyechoka hakustaafu. Kipande chake kilichelewa kujaa tu, mpaka siku alipokosa kuchukua kingine.

Sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ilikuja mwaka 1964, na mwaka 1997 mfuko huo ukageuzwa kuwa NSSF. Lakini mwaka huo wa 1964 ndio pia mkonge wa Tanganyika ulipofika kileleni, kwa tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za viwandani ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani elfu ishirini na kitu. Wengi wa waliokuja kama manamba walibaki. Walizeeka katika nchi isiyo ya ukoo wao, bila mjomba wa kuwagawia shamba na bila kadi ya kuwadai mwajiri. Kwao uzee ulikuwa ugeni wa mara ya pili. Methali ya "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo Mwalimu Nyerere aliipenda, kwao ilikuwa imetimia kupita kiasi: jembe walilopewa siku ya tatu hawakupata wa kumrudishia.

4.3 Miwa na hifadhi

Upande wa Mikumi historia ni ya karibuni zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Barabara ya kwenda Iringa na Zambia hukatiza ndani yake, na mji wa Mikumi umekulia pale magari yanapopumua. Kusini yake, Kiwanda cha Sukari cha Kilombero, kilichobinafsishwa mwaka 1998, kina shamba na kinu upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, na wakulima wengi wa vijiji vya karibu humuuzia mwenye kiwanda miwa yao.

Hapa aina tatu za uzee huishi pamoja. Mtumishi wa kudumu wa hifadhi au wa kiwanda hustaafu kwa barua. Kibarua wa msimu huachwa kila msimu unapokwisha, na mwaka mmoja haitwi tena. Hakuna atakayemwambia kwamba huo ndio mwisho. Mkulima wa miwa anaendelea kuitwa mkulima maadamu jina lake limo katika orodha ya wauzaji, hata kama panga limeshikwa na mjukuu. Nyumba zao zinatazamana, na wote watatu huamkiwa shikamoo. Tofauti yao huonekana mwisho wa mwezi.

5.0 Kazi isiyoitwa kazi

Wenyeji wa wilaya hii, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mjomba alikuwa na usemi kwa watoto wa dada yake. Katika mpangilio huo mzee hakuhitaji kustaafu, kwa sababu kazi yake ilibadilika sura kadiri nguvu zilivyopungua. Aliyeacha kufyeka alisuluhisha. Aliyeacha kupalilia aligawa mashamba, akatambikia, akasimamia posa. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili katika maandiko yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa: mzee aliyeonekana kustarehe huku wengine wakimfanyia kazi alikuwa amekwisha kuifanya yake ujanani. Kwa maneno mengine, heshima ilikuwa pensheni, na ukoo ulikuwa mfuko wake.

Picha hiyo ina ukweli, lakini haipaswi kupambwa. Heshima hiyo ilimfaa zaidi mwanamume mwenye dada wengi na wapwa wengi kuliko mjane asiye na mtoto. Tena masharti yake yamebadilika. Vijana huondoka kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ardhi huuzwa, na mtoto anayepeleka fedha nyumbani humpelekea mama au baba yake kabla ya kumfikiria mjomba. Mzee aliyewatazamia wapwa huweza kujikuta hana pa kuelekeza macho.

Hapo ndipo kazi inaporudi, kwa sura isiyohesabiwa. Wakati wa mtama na mpunga kuiva, mzee hupanda dunguni kuamia ndege. Vijijini kandokando ya hifadhi hukesha kwa ajili ya tembo na nguruwe. Bibi hulea wajukuu, na tangu janga la UKIMWI lilipoondoa wazazi wengi, wapo bibi walioanza ulezi upya wakiwa na miaka 60 na zaidi. Kiswahili kina vitenzi murua kwa shughuli hizi: kuamia, kukesha, kulinda, kulea. Lakini hakuna hata kimoja ambacho mwulizaji wa dodoso hukiandika katika safu ya "kazi". Bibi akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu kwamba hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Anasema hivyo akiwa na mtoto mgongoni.

Mtazamo wa wazee wenyewe kuhusu kazi, basi, hauwezi kusomwa kwa swali moja. Anayesema anataka kuendelea kulima mpaka kufa huenda anasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni fahari: jembe ndilo linalomweka katika M-WA, ndilo linalomfanya mkongwe asiwe kikongwe. La pili ni hofu ya kuwa "mzigo", neno ambalo kwa uzee limekuwa zito kuliko ugonjwa. Mtafiti anayeandika kwamba wazee wa vijijini "hawapendi kupumzika" ameisikia fahari, hajaisikia hofu. Na mtunga sera anayemwamini mtafiti huyo atakuwa amepata udhuru wa kutowapa kitu.

6.0 Haki ya kustaafu na haki ya uzee

Sheria za nchi zimeshughulika sana na neno la kwanza. Mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60; maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wamerefushiwa hadi 65. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi iliunganishwa kuwa PSSSF, na mwaka huohuo neno "kikokotoo" lilitoka katika vitabu vya hesabu na kuingia katika vinywa vya watu wote. Kanuni mpya ilikusudia malipo ya mkupuo yawe asilimia 25 ya mafao, ilhali waliokuwa katika baadhi ya mifuko walizoea asilimia 50. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli aliisimamisha. Mwaka 2022 ilikuja asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/2025 Serikali ilitangaza kuipandisha kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata 50 na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Mjadala huo ulikuwa wa haki. Anayestaafu hutaka mkupuo kwa sababu ndio unaojenga nyumba na kununua shamba. Ndio unaomwezesha mwalimu mstaafu wa Kilosa kuanza kulima, yaani kuingia katika kazi isiyostaafika. Hata hivyo, nguvu yote ya mjadala ilitumika kwa wenye barua za ajira. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wenye miaka 60 na zaidi walikuwa takriban asilimia 5.6 ya Watanzania, na walio wengi kati yao waliishi kwa kilimo. Kwao kikokotoo hakina cha kukokotoa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikutumia neno la ofisi. Ibara ya 11 inataja haki ya mtu kufanya kazi, haki ya elimu, na haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Imeandikwa uzee, haikuandikwa kustaafu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilipowataja wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine, liliwaweka wazee pamoja na watoto, kwa sharti la kutojiweza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka mpaka wa miaka 60 kwa wote, mstaafu na mkulima. Hivyo kuna ngazi tatu: Azimio linapima nguvu, Sera inapima miaka, Katiba inataja uzee wenyewe bila kupima. Lakini ibara hiyo ya Katiba imo katika sehemu ambayo utekelezaji wake hauwezi kudaiwa mahakamani, na utekelezaji wa Sera, kama katika matibabu ya bure, hurudi mara kwa mara kwenye sharti la mtu "asiye na uwezo". Mzee wa Mikumi hulazimika kuthibitisha kwamba hajiwezi ndipo apewe kile ambacho mstaafu hupewa kwa kuthibitisha kwamba aliweza.

Zanzibar imeonyesha njia nyingine. Tangu Aprili 2016 wakazi wenye miaka 70 na zaidi walianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa waliajiriwa na nani. Kiasi hicho kilikuwa kidogo. Jina lake, hata hivyo, lilikuwa kubwa: Pensheni Jamii. Kwa mara ya kwanza neno "pensheni" lilitolewa katika jalada la mtumishi na kupewa mvuvi, mkulima wa karafuu na bibi mlezi. Bara, msaada kwa wazee wa vijijini umepita hasa katika mpango wa TASAF wa kaya maskini. Anayeupata huupata kwa umaskini wake, si kwa umri wala kwa kazi aliyoifanya.

7.0 Hitimisho

Yapo mambo matatu ambayo wanafunzi na wanazuoni wa Kiswahili wanaweza kuyachukua kutokana na mfano wa Kilosa na Mikumi.

Kwanza, msamiati wa kazi za uzeeni ukusanywe kabla haujapotea, katika Kiswahili na katika Kisagara, Kikaguru na Kividunda. Kitenzi kama "kuamia" hakifundishwi shuleni, na walio na ujuzi wa kazi hiyo ndio wazee wenyewe.

Pili, madodoso ya utafiti na ya serikali yaandikwe kwa vitenzi ambavyo wazee huvitumia. Swali la "unafanya kazi gani?" humkosa bibi mlezi, swali la "tangu asubuhi umefanya nini?" humpata.

Tatu, kamusi na sera zitenganishe kustaafu, kung'atuka, kupumzika na kutojiweza, kwa kuwa kila neno lina mwenyewe. Kustaafu humdai mwajiri. Kung'atuka humdai aliyekalia kiti. Kutojiweza huiomba huruma ya watu. Kupumzika, kwa mtu aliye hai na mwenye uzima wake, bado hakuna anayedaiwa kwako, na hilo ndilo pengo. Mtu aliyelima Rudewa kwa miaka 50 ameilisha nchi kama aliyeiandikia barua kwa miaka 30. Lugha iliyompa mmoja wao neno la kuachiliwa akiwa bado mzima haishindwi kumpa na mwenzake neno kama hilo. Na likishapatikana neno, itakuwa vigumu zaidi kwa sheria kujifanya haikulisikia.